Kalamu ya Malkia Mkononi mwa Rais

Tarehe 9 Desemba 1962 Malkia Elizabeth wa Pili aliacha kuwa mkuu wa nchi ya Tanganyika. Kwa mwaka mzima kabla ya siku hiyo tulikuwa tayari tunajitawala, tuna bendera yetu na wimbo wetu, lakini mamlaka ya juu kabisa yaliendelea kuwa yake, na gavana mkuu, Sir Richard Turnbull, alikaa Dar es Salaam kwa niaba yake. Siku hiyo tukawa Jamhuri. Habari hii nimeifundisha kwa karibu maisha yangu yote ya kazi, katika somo la uraia, kwenye shule za sekondari za mkoa wa Iringa. Wanafunzi walinijibu vizuri: kabla ya Jamhuri mkuu wa nchi alirithi kiti, baada ya Jamhuri mkuu wa nchi alichaguliwa. Niliwapa alama zote, kwa maana jibu ni sahihi.

Lakini kuna swali ambalo mtaala haukuuliza, na sasa nimestaafu nina nafasi ya kuliuliza. Mfalme wa kale alikuwa na uwezo wa kuamua huyu afe na huyu aishi, na watu walikubali kwa sababu waliamini kiti chake kimetoka kwa Mungu. Uwezo huo ulipohamia kwa mtu aliyepigiwa kura, ulihama na uhalali gani? Kodi naielewa: tunachanga, tunamteua msimamizi. Jeshi naelewa, na mawaziri naelewa. Kila kimoja kati ya hivyo ni kitu ambacho sisi wananchi tulikuwa nacho kwa pamoja tukakikabidhi. Uhai wa mtu mwingine hatukuwa nao. Tuliukabidhi vipi?

Swali hili halikutoka vitabuni. Lilikuja nyumbani kwangu na karatasi za mistari zilizonunuliwa dukani. Mama mmoja wa usharika wetu alikuwa na mtoto wa kiume aliyemuua mtu katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa yake. Sasa ilibaki njia moja. "Mwalimu," akasema, "wanasema Rais anaweza kusamehe. Niandikie."

Vijijini mwalimu ndiye mwandishi wa barua za wote, hivyo nilikaa mezani. Anwani juu kulia, tarehe, Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kisha kupitia kwa Mkuu wa Gereza, kisha YAH: OMBI LA MSAMAHA, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Nilitegemea angeanza kwa kusema mwanawe ameonewa. Hakusema hivyo. Alitaka niandike kwamba ni kitinda mimba, kwamba alimaliza darasa la saba, kwamba alipata kipaimara. Nikaandika. Nilipomwuliza tuseme nini juu ya marehemu, alinyamaza muda mrefu, mikono ikipanga upya zile karatasi zilizobaki. Hatimaye akasema: "Andika kwamba tunamjua. Andika kwamba mke wake ni jirani yetu." Mwisho wa barua akaweka dole gumba, maana kuandika hakujifunza.

Majuma machache baadaye, baada ya ibada, yule mke wa marehemu alinisubiri nje karibu na mlango. Alinisalimia kwa heshima yote, kamwene mwalimu, nami nikaitikia. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nimesikia umeandika barua ya kwenda Ikulu. Sikulaumu, mwalimu, yule ni mzazi. Lakini huyo Rais mimi ataniuliza lini?"

Nilirudi nyumbani nikafungua Katiba, ibara ya 45. Inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyehukumiwa, kumwachilia kwa muda au moja kwa moja, kuibadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi, au kuifuta yote ama sehemu yake. Sheria ya mwenendo wa jinai nayo inataka kumbukumbu za kesi ya mauaji, pamoja na maelezo ya jaji, zipelekwe kwa Rais, ili ama atoe hati ya kunyonga, ama abadilishe adhabu, ama asamehe. Yapo mashauri anayopewa, lakini ibara ya 37 imemweka huru asilazimike kufuata ushauri wa mtu. Hakuna mahali anapotakiwa kutoa sababu. Na mjane, katika mstari wowote wa ibara ile, hayumo.

Haya hayakubuniwa na watu wa Dodoma wala wa Dar es Salaam. Kabla ya Jamhuri, mfungwa wa Tanganyika aliyehukumiwa kufa alisubiri uamuzi wa gavana, na gavana aliamua kwa jina la taji la Uingereza. Taji lenyewe lilikuwa na uwezo huo tangu enzi ambazo kila kosa kubwa lilihesabiwa kuwa limemkosea mfalme binafsi, na kwa hiyo mfalme ndiye wa kusamehe. Kabla ya Waingereza, hapa Iringa walikuwapo Wajerumani. Tuna mtaa mjini unaoitwa Kitanzini, watu wanapanga vyumba na kuuza nyanya hapo kila siku, na wazee wanatuambia ndipo Wajerumani walipowanyongea Wahehe wakati wa vita vya Mkwawa. Na kabla ya Wajerumani, Mkwawa mwenyewe pale Kalenga alikuwa mtawala ambaye neno lake lingeweza kuwa kifo cha mtu. Kwa hiyo uwezo huu umepita mikono mingi. Kila mwenye mkono alikuja na sababu yake, mwingine ukoo, mwingine bunduki, mwingine taji. Mwaka 1962 sababu ikawa kura.

Ile kura ya kwanza inastahili kukumbukwa ilivyokuwa. Tarehe 1 Novemba 1962 walisimama wawili, Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98, Mtemvu akapata kura 21,000 na ushei. Serikali ilikuwa imekwisha kueleza katika waraka wake wa mwaka huo kwa nini inataka rais mwenye nguvu kamili na si rais wa kukata utepe: watu wetu, ilisema hoja ile, wamezoea kumwona kiongozi mmoja aliye na heshima na madaraka kwa pamoja, hawataelewa mmoja anayeheshimiwa na mwingine anayetawala. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ilibeba pia madaraka ya taji yote, bila kuyachuja, yakiwamo haya ya uhai. Miaka mitatu baadaye tukawa nchi ya chama kimoja, na karatasi ya kura ya urais ikawa na picha ya mgombea upande mmoja na kivuli upande wa pili. Wazazi wetu walichagua kati ya mtu na kivuli hadi mwaka 1990. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri kwamba Katiba ile ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta kama angetaka. Namheshimu kwa kulisema, na namheshimu zaidi kwa kuondoka mwenyewe mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya Katiba kuwekewa ukomo wa vipindi viwili. Kuondoka kwake hakukuyapunguza madaraka yaliyobaki kitini.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye mwaka 1972, kwa sababu ndani ya kipindi hicho kalamu ile ile ya Rais ilifanya mambo mawili, na nimeyatafakari kwa miaka mingi.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1971 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Jioni ile watu wazima waliacha kula wakasimama vikundi vikundi nje, na sisi watoto tukafukuzwa kila tulipokaribia. Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alikuwa amekwenda Isimani kwenye shamba la mkulima mkubwa, Said Mwamwindi. Ilikuwa siku za kuhimiza vijiji vya ujamaa, na mashamba makubwa ya mahindi ya Isimani yalikuwa katikati ya mvutano huo. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili katika gari, akauendesha hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwaka 1972 kwa kuua kwa kukusudia, rufaa yake ikashindwa, naye akanyongwa.

Mtazame Rais alivyosimama katika jambo lile. Mkuu wa mkoa ni mteule wa Rais, mwakilishi wake. Aliyeuawa alikuwa mkono wake mwenyewe, na sera iliyogombaniwa ilikuwa sera yake. Mashtaka yaliendeshwa kwa jina la Jamhuri, na mkuu wa Jamhuri ni yeye. Halafu, mahakama zilipomaliza kazi yake, jalada likapanda hadi mezani kwake ili aamue kama yule mtu aishi. Sisemi kwamba Mwalimu aliamua kwa hasira, sina haki ya kusema hivyo. Nasema kwamba hakuna binadamu anayepaswa kuwekwa mahali pale: mfiwa, mshtaki na mwamuzi wa rehema, wote katika kiti kimoja.

Jambo la pili ni la Bibi Titi Mohamed. Huyu ndiye aliyewaamsha wanawake wa Dar es Salaam na wa mikoani kuingia TANU wakati wanaume wengi wasomi walikuwa wakiogopa kupoteza kazi. Mwaka 1969 alikamatwa, mwaka 1970 akashtakiwa pamoja na wenzake kwa uhaini, kwamba walipanga kuipindua serikali, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais alimsamehe, akatoka.

Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi waliniuliza kwa nini huyu alisamehewa na yule akanyongwa. Jibu la haraka ni kwamba mmoja aliua na mwingine hakuua. Ni kweli, lakini mimi naona pia tofauti ya namna nyingine. Kosa aliloshtakiwa Bibi Titi lilikuwa dhidi ya serikali, na serikali ilikuwa na kichwa, na kichwa kikasema nimesamehe. Aliyekosewa ndiye aliyesamehe. Msamaha wa namna hiyo nauelewa kwa imani yangu na kwa akili yangu. Damu ya Klerruu haikuwa ya Rais kuisamehe wala kuidai. Ilikuwa ya wanawe na mkewe, na juu yao ya Mungu.

Kuhusu hili nimejifunza kwa sheikh mmoja aliyefundisha nami shule moja kwa miaka, yeye maarifa ya Uislamu na Kiarabu, mimi uraia. Nilimpelekea swali la yule mjane. Akanieleza kwamba katika sheria ya Kiislamu, sura ya Al-Baqara ikiwa msingi wake, haki ya kisasi kwa aliyeuliwa ni ya warithi wake wa damu. Wao wanaweza kudai, wanaweza kukubali dia, na wanaweza kusamehe kabisa, na kusamehe kumepewa daraja bora. Mtawala anasimamia jambo lisivuke mpaka, lakini hawezi kuwanyang'anya warithi msamaha wao akautoa yeye kana kwamba ni mali yake. "Mjane wako," akaniambia, "ameuliza swali la fiqihi bila kujua."

Upande wangu wa Biblia nilirudi kwa Kaini. Muuaji wa kwanza alihukumiwa na Mungu mwenyewe, tena kwa kosa la kumwaga damu ya ndugu yake, na Mungu akamweka alama ili mtu yeyote asimuue. Adhabu alipewa: kutangatanga, ardhi kumnyima mazao. Uhai hakunyimwa. Najua kuna mistari mingine katika vitabu vya Musa inayoamuru kifo, na wachungaji wangu wamenikumbusha hiyo mara nyingi. Sijawahi kusikia mmoja wao akinieleza kwa nini Mwenye haki kamili ya kuua, alipopata kesi ya kwanza kabisa, aliamua kutoua.

Wapo wanaosema kwamba heri mtu mmoja awe na uamuzi huu kuliko kundi, na hoja yao si ya kupuuza. Wamarekani walipotunga katiba yao kule Philadelphia mwaka 1787 na kubuni kiti cha rais wa kuchaguliwa, walimpa msamaha wa makosa ya shirikisho karibu bila kizuizi. Alexander Hamilton aliutetea kwa maandishi: mtu mmoja akijua kwamba uhai wa mwenziwe unategemea neno lake peke yake, atakuwa na woga na uangalifu, ilhali watu wengi wakiwa pamoja hupeana moyo wa kuwa wakali. Hoja hii inaijua tabia ya binadamu, na George Washington aliitendea haki mwaka 1795 alipowasamehe watu wawili waliohukumiwa kufa kwa uhaini katika uasi wa kodi ya pombe.

Tazama hata hivyo ilikofika. Serikali ya shirikisho ya Marekani ilikaa miaka 17 bila kumnyonga wala kumdunga sindano ya kifo mfungwa wake yeyote. Kisha kati ya Julai 2020 na Januari 2021, mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha Donald Trump, wakauawa 13. Desemba 2024, wiki chache kabla ya kutoka madarakani, Joe Biden akawabadilishia adhabu 37 kati ya wafungwa 40 waliokuwa wakisubiri kifo cha shirikisho, ikawa kifungo cha maisha. Sheria ilikuwa moja, na magereza ni yale yale. Kilichobadilika ni jina la mshindi wa uchaguzi. Mtu anakufa au anaishi kwa sababu majimbo kadhaa yalipiga kura hivi na si vile, katika kampeni ambayo yeye hakutajwa. Hamilton alimfikiria mtu mmoja mwenye dhamiri. Hakutuambia tufanye nini dhamiri hiyo ikibadilishwa kila miaka minne.

Na kura ina hatari nyingine ambayo mfalme wa kurithi hakuwa nayo sana, nayo ni kupenda kushangiliwa. Injili zote nne zimeweka jambo hili mbele yetu. Pilato alikuwa na desturi ya kumfungua mfungwa mmoja wakati wa Pasaka. Akawauliza umati wamtaka nani, umati ukamtaka Baraba, akawapa Baraba. Ule nao ulikuwa msamaha halali wa mkuu wa serikali, uliotolewa sikukuu, kwa kuwaridhisha watu. Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na kati ya waliotajwa walikuwamo wanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa makosa ya ubakaji wa watoto. Uwanja ulilipuka kwa furaha. Watu wengi waliamini kwamba wale wawili walionewa, na mimi sikuwapo mahakamani. Lakini mahakama zilikuwa zimewaona na hatia hadi ngazi ya juu, na wale waliokuwa watoto wakati ule, sasa ni wasichana wakubwa, walikuwa mahali fulani wakisikiliza tangazo lile lile. Hakuna sheria iliyomlazimu mtu kuwauliza, kuwaarifu wala kuwaandaa. Lile lilikuwa swali la mjane wangu, likiwa limerudi katika uwanja wa sherehe.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais huyo huyo alisema hadharani kwamba wapo waliohukumiwa kunyongwa, na akaomba asipelekewe orodha ili atie saini, kwa kuwa anajua ugumu wa jambo hilo. Niliguswa. Alikuwa mtu aliyejulikana kwa kutoyumba, lakini hapo alisema wazi kwamba mkono wake hauwezi. Naamini wengine waliomtangulia waliona vivyo hivyo kimya kimya. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania. Wamepita Mkapa, Kikwete na Magufuli, na sasa yupo Samia Suluhu Hassan, Wakatoliki wawili na Waislamu wawili, mmoja wao mwanamke, na kitanzi hakijatumika.

Watu hunipa habari hii kama faraja. Mimi hainifariji. Jaji anaendelea kuitamka hukumu, kwa sababu kwa miaka yote hii Kanuni ya Adhabu imeweka adhabu moja tu kwa kuua kwa kukusudia, na jaji hana la kuchagua. Mfungwa anaendelea kuingia kwenye chumba cha waliohukumiwa kufa. Mama yake anaendelea kuandika barua. Kwa wengi Rais haui wala hasamehi, jalada linakaa. Mtoto wa yule mama hadi leo yu hai, wala hajui kama ni kwa mwaka mmoja au kwa arobaini, na kila uchaguzi mkuu unapokaribia mama huyo huniuliza mgombea fulani ni mtu wa namna gani. Haulizi habari za barabara wala za mbolea. Anauliza kama ni mtu anayeweza kutia saini.

Hapa ndipo naona palipo kasoro yenyewe. Tumeyaweka maisha ya watu yategemee upole wa mtu, kisha tukauita upole huo mfumo. Rais wa kesho hafungwi na upole wa rais wa jana. Kalamu imelazwa tu mezani, na Katiba haijamwambia yeyote asiiguse.

Jaji James Mwalusanya alijaribu kuiondoa. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inayomdhalilisha binadamu, na inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kweli ni adhabu ya kikatili, lakini ikasema ibara ya 30 inairuhusu kwa manufaa ya jamii, na kwamba wa kuibadilisha ni jamii yenyewe kupitia wawakilishi wake. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila hiari kunakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania iifute sheria hiyo ya lazima. Wenzetu Kenya walikuwa wamekwisha kufika hapo, Mahakama yao ya Juu ilipotoa uamuzi wa Muruatetu, Desemba 2017.

Karne mbili na nusu zilizopita Mwitaliano Cesare Beccaria aliuliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uraia alijibu kabla ya kupewa cheti: ni nani aliyewahi kumpa mwenzake haki ya kumuua? Kama mamlaka ya serikali ni jumla ya vipande vidogo vidogo tulivyokubali kutoa kila mmoja, basi kipande hiki hakuna aliyekitoa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nacho. Ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi. Naiamini ibara hiyo kwa moyo wote. Ndiyo maana nasema kuna jambo moja ambalo haliwezi kuwa limetoka kwetu.

Wanaoniambia kwamba mwanasiasa hawezi kuligusa jambo hili kwa kuogopa kupoteza kura, nawaelekeza Ufaransa. Machi 1981 François Mitterrand aliulizwa katika televisheni kuhusu adhabu ya kifo, wiki chache kabla ya uchaguzi, wakati Wafaransa wengi waliitaka ibaki. Akasema waziwazi kwamba anaipinga. Mei akachaguliwa. Oktoba 9 mwaka huo sheria ya kuifuta ikatangazwa, baada ya waziri wake wa sheria, Robert Badinter, kuitetea bungeni. Rais yule alikuwa na haki ya kusamehe mtu mmoja mmoja kama watangulizi wake. Aliona haitoshi, akataka rais yeyote baada yake asiwe na hati ya kutia saini.

Msamaha wenyewe sitaki uondolewe. Mahakama hukosea, wagonjwa huzidiwa magerezani, na watu hubadilika kweli, nimewaona. Pawepo mahali ambapo sheria inaweza kulegezwa na moyo wa mtu. Lakini anayeomba msamaha kwa damu ya mtu na asikilizwe mbele ya waliofiwa, na waliofiwa wapate kusema lolote walilo nalo, hata kama ni kusema hawako tayari. Rais atoe sababu zake kwa maandishi, zisomwe. Yule mjane wa usharika wetu, nilipomweleza haya, hakuniambia kama angesamehe au la. Alisema angependa tu siku moja aitwe, avae vizuri, akae kwenye kiti, aulizwe.

Na upande wa kifo, kalamu iondolewe mezani. Wabunge wetu mkisoma haya, msisubiri Katiba mpya wala rais mwingine mpole. Adhabu hii imo katika Kanuni ya Adhabu, sheria ya kawaida ya Bunge, na inafutwa kwa muswada wa kawaida, kwa wingi wa kawaida wa kura zenu.